Wasichana hawaikimbii sayansi, maabara ndiyo inayowafikia kwa kuchelewa

Na Mwandishi Wetu

KILA mwaka, mtihani wa taifa wa Kidato cha Nne unapokaribia, katika shule nyingi za sekondari za Serikali huanza pilikapilika ambazo hazikuonekana tangu Januari. Mkuu wa shule husafiri kwenda mjini kununua kemikali. Mwalimu wa Fizikia huazima mizani shule ya jirani. Chumba kilichoandikwa "Maabara" mlangoni, ambacho kwa miezi kadhaa kilikuwa stoo ya madawati mabovu, hufunguliwa, hufagiwa na kupangwa meza.

Sababu ya haraka hiyo inajulikana. Mtihani wa vitendo umewadia, na Baraza la Mitihani la Taifa (Necta) halimpi alama mtahiniwa kwa kuwa shule yake ina jengo zuri. Linataka aonekane akipima, akichanganya, akichora na kuandika alichokiona.

Jambo lisilozungumzwa sana ni nani hayumo katika chumba hicho siku kinapofunguliwa. Wasichana wengi walioanza Kidato cha Kwanza pamoja na wenzao hawapo, kwa kuwa waliachana na Fizikia na Kemia miaka miwili kabla. Waliyaacha masomo hayo bila kuwahi kuwasha taa ya maabara hata siku moja.

Kwa miongo kadhaa wadau wa elimu wamekuwa wakirudia kwenye semina kwamba wasichana wanaogopa sayansi, kwamba wanahitaji kuhamasishwa, kwamba jamii ibadili mtazamo. Kauli hizo si za uongo, lakini zinaruka swali la msingi. Mtu anaogopaje kitu ambacho hajakigusa? Na ikiwa vifaa vinafika shuleni baada ya uamuzi kufanyika, uhamasishaji unamhamasisha nani?

Uamuzi wa Kidato cha Pili

Ikumbukwe kwamba kwa utaratibu uliotumika kwa miaka mingi Tanzania Bara, mwanafunzi wa sekondari alisoma masomo yote matatu ya sayansi, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia, hadi mwisho wa Kidato cha Pili. Kuanzia Kidato cha Tatu, Baiolojia iliendelea kuwa ya lazima, lakini Fizikia na Kemia zikawa za hiari. Hapo ndipo njia zilipogawanyika. Asiyechukua Fizikia na Kemia hakuweza kwenda kuwa mhandisi, mfamasia wala daktari, hata angekuwa na akili kiasi gani.

Uamuzi huo hufanywa na mtoto wa miaka 14, 15 au 16. Anautazama uzoefu wake wa miaka miwili: ubao, chaki, madaftari ya kunakili, na lugha ya Kiingereza aliyoanza kufundishiwa masomo hayo ghafla baada ya kusoma Sayansi kwa Kiswahili katika shule ya msingi. Anatazama pia upimaji wa Kidato cha Pili, ambao kwa miaka mingi ulikuwa wa karatasi na kalamu tu katika masomo hayo. Shule yenye uhaba wa fedha haikuwa na sababu ya kufungua kopo la kemikali kwa ajili ya darasa ambalo halitapimwa kwa vitendo.

Matokeo yake ni kwamba vifaa vichache vilivyopo huwekewa Kidato cha Nne, tena kwa wiki chache za mwisho. Kuna hata wakati ambapo shule zisizo na maabara ziliruhusiwa kuwafanyisha watahiniwa mtihani mbadala, ambamo mwanafunzi aliulizwa kwa maandishi kuhusu jaribio ambalo hakulifanya. Ilikuwa sawa na kumpima mtu leseni ya udereva kwa kumwuliza usukani una umbo gani.

Mtaala mpya, unaotokana na Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 toleo la 2023, umebadili mengi. Utekelezaji wake ulianza Januari 2024, na sasa sekondari ina mikondo miwili, wa elimu ya jumla na wa amali, inayotengana tangu Kidato cha Kwanza. Nia ni njema, kwani mtaala unasisitiza umahiri na kutenda badala ya kukariri. Hata hivyo, kadiri uchaguzi wa njia unavyosogezwa kwenye umri mdogo, ndivyo inavyozidi kuwa muhimu kwamba mtoto awe ameshagusa vitu kabla ya kuchagua. Akiulizwa mapema zaidi huku mikono yake ikiwa haijagusa chochote, atajibu kwa kufuata anachokiona nyumbani na mtaani.

Majengo yaliyotangulia vifaa

Haitakuwa haki kusema Serikali haijafanya kitu. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES), ulioanza 2004, ndio uliozaa shule za kata ambazo zilifungua mlango kwa maelfu ya watoto, wakiwamo wasichana ambao wazazi wao wasingethubutu kuwapeleka bweni mkoa wa mbali. Shule nyingi kati ya hizo zilianza na madarasa, walimu wachache na bendera.

Mwaka 2012 Rais wa wakati huo, Jakaya Kikwete, aliagiza kila shule ya sekondari ya kata iwe na maabara tatu, moja kwa kila somo, ifikapo Novemba 2014. Msomaji atakumbuka michango iliyofuata. Watendaji wa kata walipita nyumba kwa nyumba, wakuu wa wilaya walitoa ripoti za idadi ya vyumba vilivyofikia lenta, na muda ulipoisha ukaongezwa. Kuta nyingi zilisimama. Lakini chumba chenye kuta nne na bati, kisichokuwa na maji, gesi, meza wala fundi sanifu wa maabara, ni darasa jingine tu. Katika maeneo yenye msongamano kiligeuzwa hivyo, na si rahisi kumlaumu mkuu wa shule aliyekuwa na watoto 90 chini ya mwembe.

Walimu nao walikuwa pungufu. Jaribio la kuziba pengo hilo kwa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi, hisabati na teknolojia ya habari katika Chuo Kikuu cha Dodoma liliishia vibaya Mei 2016, wanafunzi zaidi ya 7,000 waliporudishwa makwao. Sifa zao zilizua mjadala mrefu ambao si wa makala haya. Kwa mtazamo wa shule za kata, maana yake ilikuwa ni kuendelea kusubiri.

Kisha ukaja mradi wa kuboresha elimu ya sekondari, unaojulikana kwa kifupi kama Sequip, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia mkopo wa dola milioni 500 za Marekani mwaka 2020. Mkopo huo ulipingwa na wanaharakati kwa sababu wakati huo wasichana waliopata ujauzito hawakuruhusiwa kurudi katika shule za kawaida. Zuio hilo liliondolewa Novemba 24, 2021, na aliyekuwa Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako. Miongoni mwa matunda ya mradi ni shule 26 za wasichana za bweni zenye mkazo wa sayansi, moja kwa kila mkoa wa Tanzania Bara.

Shule hizo zinastahili sifa. Lakini zihesabiwe pia. Tuseme kila moja ichukue wasichana 1,000. Jumla ni 26,000, ilhali wasichana walioko sekondari nchini wanazidi milioni 1. Maana yake ni chini ya 3 katika kila 100. Wengine 97 wako katika shule nyingine, wengi wao wakisoma pamoja na wavulana katika shule za kata za kutwa, na huko ndiko swali la vitendo linakoamuliwa.

Upo pia ufadhili unaotolewa tangu 2022 kwa wahitimu wa Kidato cha Sita waliofanya vizuri zaidi katika sayansi, maarufu kama Samia Scholarship. Ni jambo la kupongezwa. Lakini anayenufaika nao ni yule aliyekwisha kuvuka mito yote, na aliyezama Kidato cha Pili haoni mnufaika huyo hata kwa mbali.

Nani anashika kifaa?

Atauliza mtu: wavulana nao hawana maabara, kwa nini tuwaangalie wasichana peke yao? Swali ni la haki na linastahili jibu la wazi.

Jibu la kwanza liko nje ya shule. Mvulana ambaye hajawahi kuingia maabara bado atafungua redio ya baba yake ajue kilichomo. Ataziba pancha, atakaa kwenye gereji ya pikipiki akimpa fundi spana, atapanda juu ya bati kurekebisha antena. Hakuna anayemzuia, na akiharibu ataambiwa ni mtundu. Anapofika kwenye somo la umeme, waya si mgeni kwake. Dada yake naye anagusa vitu vingi, pengine zaidi: anapima maji na unga, anachochea moto na kujua kuni ipi ina joto, anaweka magadi kwenye maharage ili yaive upesi, anaweka hamira kwenye unga na kusubiri uumuke. Hiyo ni kemia tupu. Lakini hakuna mwalimu anayemwambia hivyo, na kitabu cha Kidato cha Kwanza hakimtambui.

Historia yetu ina mfano mmoja wa kusikitisha katika jambo hili. Katika miaka ya 1970, kwa kufuata falsafa ya Elimu ya Kujitegemea ya 1967, sekondari ziliwekewa michepuo ya kilimo, biashara, ufundi na sayansikimu. Sayansikimu ikawa ya wasichana. Ndani yake mlikuwa na vipimo, joto, uchachu, lishe na vijidudu, yaani mambo yote ambayo yangeweza kuwa daraja la kwenda Kemia na Baiolojia. Badala yake somo hilo lilichukuliwa kuwa maandalizi ya mke mwema, na daraja halikufika ng'ambo.

Jibu la pili liko ndani ya maabara yenyewe. Kifaa kikiwa kimoja na watoto kumi, hakishikwi na mwenye haja nacho bali na mwenye kiwiko. Katika kundi lenye mchanganyiko, mara nyingi mvulana hushika kifaa na msichana hushika kalamu. Anateuliwa kuwa katibu kwa sababu mwandiko wake ni mzuri na daftari lake ni safi. Watafiti wa elimu katika nchi mbalimbali, tajiri na maskini, wameliona jambo hilohilo. Tofauti ni kwamba kwenye vifaa vya kutosha katibu anaweza kesho kushika kifaa, ila kwenye uhaba ukatibu unakuwa kazi ya kudumu.

Tufanye hesabu ya somo moja. Vipindi viwili vya dakika 40 vilivyounganishwa ni dakika 80. Darasa lina wanafunzi 60 na seti sita za vifaa, hivyo kila seti ina watu kumi. Toa dakika 15 za maelekezo na 15 za kuosha na kurudisha vifaa. Zinabaki 50, yaani dakika tano kwa kila mtoto, tena kama zamu zitafuatwa kwa haki. Zisipofuatwa, wawili watapata dakika 20 kila mmoja, mmoja atapata kumi, na saba watatazama. Ni rahisi kukisia kati ya hao saba wamo akina nani.

Jibu la tatu ni la saa za jioni. Shule zenye moyo hufungua maabara baada ya vipindi au Jumamosi. Mvulana hubaki. Msichana anayesubiriwa nyumbani achote maji, apike na amwogeshe mdogo wake, na ambaye barabara ya kurudi ina giza na vijana wa kijiweni, hawezi kubaki hata akitaka. Mwalimu huandika kwamba wasichana hawana ari.

Somo kutoka kwenye jokofu la Magamba

Wapo wanaoamini kwamba vitendo vya sayansi haviwezekani bila vifaa vya bei kubwa kutoka ng'ambo. Nchi hii ina ushahidi wa kinyume chake.

Mwaka 1963, mwanafunzi wa Kidato cha Tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto, aitwaye Erasto Mpemba, alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Walichemsha maziwa, wakachanganya na sukari, kisha walitakiwa kuacha mchanganyiko upoe kabla ya kuuweka kwenye jokofu. Nafasi ilikuwa ndogo na wenzake walikuwa wakiiwahi, basi Mpemba akaweka wake ungali moto. Baadaye aliukuta umeganda kabla ya ule uliowekwa ukiwa umepoa. Alipomwuliza mwalimu wake aliambiwa amechanganyikiwa. Alipofika sekondari ya juu Mkwawa, Iringa, aliuliza tena na akafanyiwa mzaha. Hatimaye alimwuliza Denis Osborne, mhadhiri wa Fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam aliyeitembelea shule hiyo. Wanafunzi wenzake walicheka, lakini Osborne alirudi chuoni akaagiza jambo hilo lijaribiwe. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha matokeo, na hadi leo wanafizikia duniani wanabishana kuhusu kile kinachoitwa athari ya Mpemba.

Kisa hicho husimuliwa kama kisa cha kipaji. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya ni kisa cha nafasi kwenye jokofu. Kijana alikuwa na kitu cha kutia mikononi, akaona jambo ambalo halikuwa kitabuni, na akawa na ujasiri wa kuliuliza mara tatu mbele ya watu waliocheka. Gharama yote ilikuwa maziwa na sukari. Idadi ya wasichana waliowahi kuona jambo la aina hiyo jikoni na wasiwe na pa kuliuliza haijulikani, wala hakuna aliyekusudia kuihesabu.

Ndimu, rosela na maji ya majivu

Vitendo vya Kidato cha Kwanza na cha Pili vinaweza kufanyika kwa vitu vya sokoni. Maji ya rosela ni mekundu yakikutana na ndimu, na hugeuka kuelekea kijani au buluu yakiwekewa magadi au maji ya majivu. Hicho ni kipimo cha asidi na besi ambacho kila mtoto darasani anaweza kuwa nacho katika kikombe chake. Tone la ayodini ya duka la dawa juu ya kipande cha muhogo hugeuka rangi ya buluu iliyokolea hadi kuwa nyeusi, na wanga umeonekana. Jiwe lililofungwa kwenye uzi wa mita moja likibembezwa huchukua takriban sekunde mbili kwenda na kurudi. Mtoto akiliongezea uzito muda haubadiliki, akifupisha uzi unabadilika, na hapo ameshafanya jaribio ambalo Necta humwuliza miaka miwili baadaye.

Ndimu tatu au nne zilizochomekwa misumari ya mabati na vipande vya waya wa shaba huweza kuwasha taa ndogo sana. Kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli kinachoning'inizwa mawe hurefuka, ingawa si kwa kulingana sawasawa kama springi ya kitabuni. Walimu wengine huona hiyo ni kasoro. Kwa kweli ni zawadi, maana mtoto anayegundua kwamba mpira haufuati kanuni ameanza kufikiri kama mwanasayansi.

Afrika Kusini ilikwenda mbali zaidi. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, walitengeneza katika miaka ya 1990 seti ndogo za plastiki zenye visima vidogo, ambamo majaribio ya Kemia hufanywa kwa matone badala ya chupa. Shirika la Unesco likazitangaza katika nchi nyingine. Faida yake si bei pekee. Seti inatosha mkononi mwa mtoto mmoja au wawili, hivyo hakuna pa kuweka katibu.

Ghana ilianza 1987 kuwakusanya wasichana wa sekondari wakati wa likizo katika kambi za sayansi, teknolojia na hisabati, ambako walifanya majaribio kwa mikono yao na kukutana na wanawake wahandisi, madaktari na wanasayansi. Hapa nyumbani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliwahi kuendesha kozi za awali kwa wasichana waliokaribia sifa za kujiunga na sayansi na uhandisi, na mpango wa Young Scientists Tanzania, ulioanzishwa 2011 kwa kufuata mfano wa Ireland, umewapa wanafunzi wa sekondari ukumbi wa kuonyesha tafiti zao. Wanaotembelea maonyesho hayo huona mabanda ya wasichana wenye miradi ya maji, mazao na afya ya vijiji vyao. Kwa hiyo hofu ya sayansi, kama ipo, inayeyuka pale mtoto anapopewa tatizo la kwao na ruhusa ya kulichokonoa.

Hapa pana tahadhari. Vifaa vya sokoni vinaweza kugeuzwa kisingizio. Shule ya kulipia ikawa na bureti, hadubini na mita za umeme, na shule ya kata ikaambiwa itosheke na ndimu. Mtihani wa Kidato cha Nne hauulizi rosela. Unamtaka mtahiniwa asome mrija wa vipimo hadi sehemu ya kumi ya mililita, na mkono usiowahi kuushika hutetemeka. Kwa hiyo vya sokoni ni vya kuanzia, vya kumfanya mtoto asikimbie kabla hajafika kwenye vifaa kamili. Vikiachwa vichukue nafasi ya vifaa hivyo, msichana wa kata atakuwa amedhulumiwa mara mbili.

Mambo mengine hayagharimu chochote ila usimamizi. Mwalimu anaweza kuamuru zamu, kwamba leo aliyeandika kesho anashika. Anaweza kuunda vikundi vya wasichana watupu katika shule yenye mchanganyiko. Anaweza kuhamishia vitendo ndani ya ratiba ya kawaida ili anayewahi kuchota maji asipoteze. Wakaguzi, ambao siku hizi huitwa wathibiti ubora wa shule, huhesabu madaftari yaliyosahihishwa na maandalio ya somo. Wangeweza pia kusimama dakika kumi nyuma ya maabara na kuhesabu mikono ya nani imegusa kifaa.

Hesabu ya Januari 2028

Kinachofanya suala hili lisingoje ni kalenda. Chini ya sera mpya, elimu ya lazima ni ya miaka kumi, na elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita badala ya saba. Watoto walioanza mtaala mpya wakiwa Darasa la Tatu mwaka 2024 watamaliza Darasa la Sita mwaka 2027. Mwaka huohuo, waliowatangulia kwa darasa moja watamaliza la Saba kwa utaratibu wa zamani. Makundi yote mawili yataingia Kidato cha Kwanza Januari 2028, moja likiwa na watoto wadogo kwa mwaka mzima kuliko jingine.

Wapangaji wanazungumzia madarasa, madawati na vyoo, na wanafanya vyema. Lakini rudi kwenye hesabu yetu ya dakika tano. Vifaa vikibaki vilevile na wanafunzi wa kidato hicho wakiongezeka maradufu, ama makundi yatakuwa ya watu 20 kwa seti moja, ama zamu ya darasa kuingia maabara itakuja mara moja pale ilipokuja mara mbili. Dakika tano zinakuwa mbili na nusu. Katika msongamano wa namna hiyo, msichana wa miaka 12 aliyechanganywa na wavulana wa miaka 14 atafika mbele ya kifaa lini? Na kundi hilo halitakaa mwaka mmoja likaondoka. Litapanda kidato hadi kidato, likiwa zito vilevile, hadi 2031.

Fedha ya kuzuia hali hiyo si ya kutisha. Kiwango cha ruzuku kwa mwanafunzi wa sekondari kilichowekwa tangu enzi za MMES ni Sh25,000 kwa mwaka, ambacho sehemu yake hubakizwa kwa ajili ya vitabu na inayofika shuleni hulipia chaki, karatasi za mitihani, ukarabati mdogo na mengineyo. Kemikali hugombea nafasi na bawaba za milango. Shule yenye wanafunzi 300 wa Kidato cha Kwanza na cha Pili ikitengewa Sh1,000 tu kwa kila mmoja, zisizoguswa kwa kazi nyingine, itapata Sh300,000 kwa mwaka za ayodini, magadi, betri, waya, balbu na uzi. Anayejua bei za Kariakoo anajua fedha hiyo inanunua nini. Tatizo ni kwamba hadi sasa maabara huhesabiwa kwa tofali, na vitu vinavyotumika vikaisha havina jiwe la msingi ambalo kiongozi anaweza kulifunua mbele ya kamera.

Bajeti itakayoikuta Januari 2028 ni ya mwaka wa fedha 2027/28, na kwa kawaida wizara huwasilisha makadirio yao bungeni Dodoma kati ya Aprili na Juni. Shule za sekondari za Serikali zinasimamiwa na Tamisemi, wakati mtaala na ubora viko chini ya Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia. Mbunge anayetaka kujua msichana wa jimboni kwake atashika kifaa au kalamu atalazimika kuuliza pande zote mbili, tena aulize kwa mistari miwili tofauti: ngapi ni za vyumba, na ngapi ni za vitu vitakavyowekwa mikononi mwa watoto wa Kidato cha Kwanza na cha Pili.